Kupasha kiporo moto hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu jambo moja lililoandikwa kwenye ukurasa wenu wa mapishi wiki iliyopita. Mwandishi aliwaambia wasomaji kwamba wali uliolala hauna shida yoyote, mradi upashwe moto mpaka utoe mvuke, kwa sababu moto unaua kila kitu. Nilisoma maneno hayo mara tatu. Nimepika katika shule ya bweni kwa miaka 26, na maneno hayo hayo ndiyo niliyokuwa nikiwafundisha wasichana waliokuja kujifunza kazi jikoni kwangu. Kisha ikaja asubuhi moja watoto 34 wakatapika kwa wali nilioupika mimi mwenyewe na kuupasha mimi mwenyewe.

Simlaumu mwandishi wenu. Ameandika kile ambacho karibu sote tunakiamini. Ila gazeti linasomwa na watu wengi, na wengi wao wana sufuria ya wali jikoni usiku huu ninapoandika.

Siku ile darasa moja zima lilikuwa safarini. Tulitarajia warudi jioni wale, wakachelewa, wakala huko huko. Wali niliouivisha saa 10 jioni ukabaki zaidi ya nusu ya sufuria kubwa, ile inayobebwa na watu wawili. Niliufunika kwa kifuniko chake, nikautandikia blanketi safi juu ili usipoe na wadudu wasiingie, nikauacha pembeni ya jiko. Saa 11 alfajiri niliwasha moto, nikakaanga vitunguu, nikaumimina wali humo na kuugeuza kwa mwiko mpaka ukoko ukashika chini na mvuke ukanipiga usoni. Haukuwa umechacha. Haukuteleza mkononi wala kuvuta utando. Nilionja vijiko viwili nikaona chumvi imekaa sawa.

Watoto walikula saa 12 na nusu. Saa 3 kasoro robo kijana mmoja aliomba ruhusa ya kutoka darasani, hakufika mlangoni. Dakika chache baadaye wawili wa dawati moja. Ilipofika saa 5 walikuwa 34, wamelala kwenye nyasi nje ya bweni wameshika matumbo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama nyuma ya stoo nikitapika. Hawakuwa na homa. Kuhara walihara wachache tu, kutapika ndiko kulikowamaliza nguvu. Jioni wengi walikuwa wameketi wanaomba maji na uji. Mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, alilazwa na kuwekewa dripu usiku kucha. Nilikaa kando ya kitanda chake mpaka alfajiri, nikihesabu matone.

Bwana afya alikuja mchana wa siku ile ile. Nilikuwa nimejitayarisha kumwonyesha usafi wangu: aproni zilizofuliwa, mapipa ya maji yenye vifuniko, sabuni pembeni ya bomba. Hakuanza na hayo. Alivuta stuli, akakaa, akauliza, "Mama, wali huu ulitoka motoni saa ngapi? Ulikaa kwenye chombo gani? Ulifika kina gani?" Nilimjibu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kesho utanipikia sufuria kama hiyo hiyo, utaifunika vile vile."

Kesho yake akaja na kipimajoto chenye mkono mrefu wa chuma, akakichomeka katikati ya wali, akaniachia na daftari niandike. Daftari hilo ninalo hadi leo. Saa 10 jioni, ulipoiva: nyuzi 97. Saa 3 usiku: 58. Saa 6 usiku: 46. Saa 9 usiku: 39. Saa 11 alfajiri, saa ile ile niliyowasha moto siku ya balaa: nyuzi 36. Hilo ni joto la mwili wa mtu, Mhariri. Miaka yote hiyo nilidhani wali uliolala ni wali uliopoa. Kumbe katikati ya sufuria kubwa, chini ya kifuniko na blanketi, usiku unapita bila wali kupoa.

Sasa nieleze alivyonieleza yeye, kwa sababu kwa maelezo yale ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa wapi.

Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Makazi yake ni udongoni, kwa hiyo anaingia kwenye nafaka tangu shambani, na mchele ukioshwa mara saba bado baadhi yao watabaki. Akiona mazingira yamekuwa magumu, anajifunga ndani ya gamba gumu, na akiwa hivyo anaitwa spora. Spora ni kama mbegu kavu: hali chakula, hakui, anasubiri. Maji yanayochemka yanawaua bakteria wengi walio hai, lakini spora hizi zinavumilia kuchemshwa. Tena tukipika tunazifanyia hisani, maana tumewaondoa bakteria wengine wote ambao wangegombania nao chakula. Ni sawa na mtu aliyefyeka shamba, akalichoma, akalinyeshea, kisha akaacha mbegu za magugu ardhini. Wali ukishuka chini ya nyuzi 50 hivi, spora zinaanza kuchipua.

Baada ya hapo ni hesabu. Bakteria mmoja anayejigawa kila baada ya dakika 20 anakuwa zaidi ya 32,000 kwa masaa 5, na zaidi ya milioni 2 kwa masaa 7. Wanapokuwa wengi kiasi hicho kwenye wali wa vuguvugu, wanatoa sumu iitwayo sereulidi. Ni hii sumu inayotapisha, wala haihitaji bakteria awe hai tumboni mwako. Nayo moto wa jikoni hauiwezi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Sereulidi inastahimili nyuzi 121, joto la mashine ya mvuke ambayo hospitali hutakasia vyombo vya upasuaji, kwa zaidi ya saa nzima. Mimi na mwiko wangu na ukoko wangu tulikuwa tunafanya nini mbele ya kitu kama hicho? Asubuhi ile niliwaua bakteria, hilo ni kweli. Lakini kumuua nyoka aliyekwisha kukuuma hakuitoi sumu mguuni.

Ndiyo maana dalili zilikuja upesi. Sumu hii haingoji bakteria wazaliane ndani ya mtu. Inaingia ikiwa tayari, na kutapika kunaanza kati ya nusu saa na masaa 6. Bwana afya aliposikia tu kwamba watoto walikula saa 12 na nusu na wa kwanza akatapika saa 3 kasoro, bila homa, na chakula kilikuwa wali uliolala, alikuwa ameshapata dira kabla hata majibu ya maabara hayajarudi.

Na ile pua yetu tunayoiamini? Wapishi tunajivunia kunusa. Chakula kikichacha tunakijua kabla hatujainua kifuniko. Lakini bakteria wanaovundisha chakula mara nyingi siyo wale wanaomlaza mtu kitandani. Wali wangu ulinukia vitunguu. Ungekuwa umechacha ningeumwaga, na watoto wangeenda darasani salama.

Kuna bakteria wa pili ambaye mafunzo yake ni yale yale, na huyu hatoki shambani, anatoka kwetu wapishi. Staphylococcus aureus anaishi puani mwa karibu mtu mmoja kati ya watatu, bila kumdhuru, na anapenda majipu, malengelenge na vidonda vya vidole. Akiingia kwenye chakula kilichokwisha kupikwa, kikaachwa mahali pa joto, anatengeneza sumu ambayo kuchemsha kwa nusu saa hakuimalizi. Februari 1975 ndege iliyotoka Tokyo kwenda Ulaya ilitua Copenhagen ikiwa na abiria wanaotapika na kuharisha: 196 kati ya 344. Walikuwa wamekula kifungua kinywa cha mayai na nyama ya nguruwe. Uchunguzi ulirudi nyuma mpaka jikoni, Anchorage huko Alaska, kwa mpishi mmoja aliyeishika nyama ile akiwa na malengelenge yenye usaha vidoleni. Kidole cha mtu mmoja. Tangu niliposikia habari hiyo sijamruhusu mtu mwenye kidonda mkononi aguse chakula kilichoiva, hata akilia kwamba kazi itamtoka. Nilimpa kazi ya kusomba kuni au kuhesabu magunia, na ujira wake nikahakikisha haupungui, kwa sababu mpishi anayeogopa kukosa ujira ataficha kidonda chake chini ya kitambaa.

Lazima niwe mkweli: si kwamba kupasha moto ni bure. Salmonela, bakteria mwingine anayeletwa na chakula, anakufa chakula kikipata moto wa kutosha mpaka katikati, na Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 70. Hata yule Clostridium perfringens wa masufuria makubwa ya mchuzi wa nyama, ambaye spora zake nazo zinavumilia kuchemshwa, na ambaye kwenye joto la nyuzi 43 hadi 45 anaweza kujigawa kwa chini ya dakika 10, anadhuru kwa kuliwa akiwa hai kwa wingi, kisha anatoa sumu yake ndani ya utumbo. Mchuzi wa namna hiyo ukichemshwa barabara, hatari inapungua sana. Kwa hiyo mwandishi wenu hakukosea kusema pasheni moto. Alikosea kusema kwamba hilo linatosha, kwa sababu anayepasha hajui kilichokuwa kikiota usiku ule ni kipi.

Mhariri, niruhusu nieleze na jambo linaloniuma kuliko yote, ambalo halihusu wali.

Kabla bwana afya hajafika, watu walishapata mkosaji. Jikoni kwangu alikuwapo binti aliyekuwa akimimina chai. Asubuhi ile alichelewa kuamka, hakula kitu, akaja moja kwa moja kushika birika. Watoto wote walioumwa walipita mbele yake, na yeye peke yake kati yetu wa jikoni hakuumwa. Hayo mawili yakatosha. Aliwekwa kwenye ofisi akaulizwa toka saa 5 hadi saa 9: umetia nini kwenye chai, umetumwa na nani. Mimi nilikuwa natapika, nikasamehewa, na ni mimi niliyeuacha wali. Neno letu lenyewe linatuponza hapa. Tunasema "wamekula sumu", na mtu akisikia sumu anamtafuta aliyeitia. Hakuna aliyeitia. Ilijitengeneza yenyewe usiku, chini ya blanketi langu. Binti yule aliachiwa siku ile ile akaombwa radhi, lakini hakurudi kazini tena. Nilimfuata mara mbili. Mara ya pili alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mama, nimesikia," akafunga.

Kila mahali watu wanaougua matumbo wanamlaumu aliyewalisha mara ya mwisho, na mara nyingi wanakosea, maana kila bakteria ana muda wake. Sumu ya Bacillus cereus na ya Staphylococcus huja ndani ya masaa machache. Perfringens huchukua masaa 6 hadi 24. Salmonela anaweza kuchukua masaa 6 au siku 6. Kampilobakta, anayepatikana sana kwenye kuku mbichi na maziwa yasiyochemshwa, huchukua siku 2 hadi 5, na kufikia hapo nani anakumbuka alikula wapi? Listeria ndiye mgumu kuliko wote, kwani dalili zinaweza kuja baada ya wiki kadhaa. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa, na ilichukua miezi kugundua kwamba chanzo ni nyama ya kusindikwa inayoliwa bila kupikwa tena. Zaidi ya theluthi moja ya waliougua walikuwa watoto wachanga. Kwa hiyo nawaomba wasomaji, mtu akiugua, andikeni kwanza alichokula siku zote zilizotangulia na saa aliyokula, kabla hamjataja jina la mtu.

Sasa tufanyeje na wali uliobaki? Jibu la bwana afya lilikuwa jepesi hata nikaona aibu. Usiuache kwenye sufuria. Umimine kwenye sinia pana, kina kisizidi vidole viwili au vitatu, uuache upumue kidogo, na ndani ya masaa 2 tangu utoke motoni uwe ndani ya friji, chini ya nyuzi 5. Kina ndicho kinachoamua. Ukikiongeza mara mbili, muda wa katikati kupoa unakaribia kuongezeka mara nne, kwa hiyo sufuria yangu na sinia yako ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa wali ni ule ule. Nimepima: wali kama ule niliouona na nyuzi 46 usiku wa manane, ulipotandazwa kwenye masinia ulishuka hapo kabla sijamaliza kuosha vyombo. Kama utaliwa baadaye ukiwa moto, basi ubaki moto kweli, juu ya nyuzi 60, moto ukiwaka chini yake, siyo kufunikwa na kutumainiwa. Na kama friji hakuna, pika kinachoisha. Nilipunguza vipimo vyangu vya mchele baada ya pale, na watoto hawakulala njaa.

Wapo wanaosema chakula cha moto kitaharibu friji, kwa hiyo wanakiacha juu ya meza mpaka asubuhi ndipo wakiingize. Sufuria zima la moto kweli lisiingizwe, litapasha vitu vingine vyote humo. Sinia lililotandazwa na kutulia halina neno. Ila friji nalo lisiaminiwe kupita kiasi: linawazuia bakteria wengi wasikue, haliwaui, na listeria anaendelea kukua humo polepole. Mjamzito ale chakula kipya.

Akishaumwa mtu, kinachomuua upesi ni kukauka maji. Mpeni maji yenye chumvi na sukari, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, vijiko vikiwa vya usawa visivyo na kilima, anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Damu kwenye choo, homa kali, macho kudidimia, kusinzia kusiko kwa kawaida, mtoto mchanga au mjamzito: huyo apelekwe hospitali bila kungoja kukuche. Na msiwape viuavijasumu mlivyobakiza nyumbani. Havifanyi lolote kwa sumu iliyokwisha kuliwa, na kwa baadhi ya kuhara kwa damu vinaweza kuleta madhara kwenye figo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 600 wanaugua kwa chakula kilichochafuliwa na 420,000 wanakufa, na kati ya hao 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Nikisoma namba hizo simwoni mtu yeyote ila yule mtoto wa kike na matone ya dripu yake. Yeye alipona. Alipomaliza shule alikuja jikoni kuniaga.

Ombi langu ni moja. Chapisheni sahihisho kwenye ukurasa ule ule wa mapishi, kwa herufi kubwa kama zile za mwanzo, mkisema kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, na kwamba kukipasha moto baadaye hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Mkihitaji namba za daftari langu, nitazinakili niwaletee.

Wenu,
Mpishi mstaafu wa shule ya bweni